Mali Bila Daftari: Mahakama ya Mwanzo na Kumbukumbu Zake

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo twaizoea midomoni mwa wenye maduka na wenye vyombo vya bahari, lakini maana yake ni pana kuliko duka na jahazi. Haki nayo ni mali. Mtu aliyeshinda shauri lake mbele ya hakimu, kisha jalada la shauri hilo lisionekane, hana tofauti kubwa na mtu aliyeshindwa. Na aliyeshindwa kwa dhuluma, kisha akakosa nakala ya hukumu ya kukatia rufaa, amefungiwa mlango ambao sheria ilimwachia wazi.

Katika kurasa hizi nakusudia kueleza mambo matatu. La kwanza ni jinsi mahakama iliyo karibu zaidi na mwananchi, yaani Mahakama ya Mwanzo, ilivyozaliwa kutokana na mabaraza ya wazee na mahakama za wakoloni. La pili ni jinsi inavyofanya kazi yake na jinsi mwananchi anavyoweza kuzifikia kumbukumbu zake. La tatu, nalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba majalada ya mahakama hizo ni sehemu ya utamaduni wa taifa, kwa kuwa humo ndimo maneno ya watu wa kawaida yalimoandikwa kwa lugha yao wenyewe.

Mimi ni mkazi wa Tegeta, katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Zamani mahali hapa palikuwa mashamba na pori. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza kazi mwaka 1966, watu walikuja kutafuta ajira, na baada yao wakaja watafutao viwanja. Leo Mzaramo na Mhaya, Mpare na Mngoni wanachota maji kwenye bomba moja. Mahali pa namna hiyo hapana ukoo mmoja wala mzee mmoja ambaye neno lake linawafunga wote. Mtu akifa akaacha nyumba na watoto wa mama wawili, au jirani akikopa asilipe, watu wa kabila mbalimbali hawana budi kutafuta mahali pa kusikilizwa wote kwa pamoja. Mahali hapo ni mahakama.

Shauri na baraza

Tuanze na neno lenyewe. Lugha nyingine zina neno moja la ushauri na neno jingine la kesi. Kiswahili kina neno moja kwa yote mawili, nalo ni shauri. Kumpa mtu shauri ni kumwonyesha njia. Kuwa na shauri mahakamani ni kuwa na jambo linalotaka kuamuliwa. Neno hili linatukumbusha kwamba kwa wazee wetu ugomvi ulikuwa jambo la kukaliwa na kuzungumzwa, na kwamba lengo la kulizungumza lilikuwa kuwarudisha wagomvi katika ujirani.

Katika mwambao huu, kabla ya wageni wa Ulaya kushika utawala, mashauri yaliamuliwa na wakubwa wa miji na vijiji. Kunduchi na Mzizima walikuwako majumbe wa Washomvi. Bara yake walikuwako viongozi wa Wazaramo wenye cheo cha Pazi. Mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yalipelekwa kwa wanavyuoni na makadhi. Hukumu ilitolewa barazani, mbele ya watu, na daftari lake lilikuwa vichwa vya wazee waliohudhuria. Ilipotokea shaka, mzee aliyekuwapo aliitwa kusema aliyoyasikia.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mwambao haukujua kuandika. Makaburi ya kale ya Kunduchi, yaliyo mwendo mfupi tu kutoka Tegeta, yana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika mawe. Hati za deni, za wakfu na za kuuziana mashamba ziliandikwa kwa herufi hizo hizo. Na karibu na Bagamoyo ndipo alipozaliwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, nayo yanatuonyesha jinsi watu wa wakati huo walivyoviangalia viapo, madeni na hukumu. Kilichokosekana ni masijala, yaani nyumba moja ya umma ambamo kila shauri lina namba yake, na kila mwenye haki aweza kwenda kuuliza.

Mahakama chini ya wakoloni

Wajerumani walipoitawala nchi hii walijenga maboma, na ndani ya boma bwana mkubwa wa wilaya alikuwa mtawala, mkuu wa polisi na hakimu kwa wakati mmoja. Chini yake walikuwako maliwali, maakida na majumbe. Wazungu walikuwa na mahakama yao, na wenyeji yao. Neno letu la shauri liliingia katika lugha ya maofisa wa Kijerumani, wakaliandika kwa tahajia yao na kulitumia kwa kikao cha kuhukumu wenyeji. Lakini walichukua neno wakaiacha roho yake. Amri ya mwaka 1896 iliwaruhusu kumpiga mwenyeji viboko hadi 25 kwa mara moja, na watu wa pwani wakaiita adhabu hiyo hamsa ishirini. Jina hilo lilibaki midomoni mwa watu hata baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka.

Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920. Kisha akaja Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, na siasa yake ya kutawala watu kwa kuwatumia machifu wao. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo mikononi mwa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa tawala. Rufaa ya mwananchi ilitoka kwa chifu au liwali, ikaenda kwa bwana wilaya, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, ikaishia kwa gavana. Yaani mtu aliyelalamika juu ya uamuzi wa serikali za wenyeji alipeleka malalamiko yake kwa mabwana wa serikali hizo hizo. Mwaka 1951 sheria nyingine ilibadili jina la mahakama hizo na kuunda Mahakama Kuu ya Rufaa ya aina yake kwa ajili ya mashauri ya wenyeji, lakini ukuta kati ya haki ya Mwafrika na haki ya Mzungu ulibaki umesimama.

Hata hivyo jambo moja la faida lilifanyika katika miaka hiyo. Makarani wa mahakama za wenyeji waliandika. Walikuwa vijana waliosoma shule za serikali na za misheni, nao waliyaandika madai, majibu, maneno ya mashahidi na hukumu katika madaftari makubwa, na mahali pengi waliandika kwa Kiswahili. Hivyo, bila ya kukusudia, mkoloni aliacha hazina ya lugha na desturi ambayo wakati huo hapakuwa na mtu aliyeiona kuwa hazina.

Mahakama ya Mwanzo yazaliwa

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa halikuweza kuendelea kuwa na haki za aina mbili. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Mahakama za wenyeji zikafutwa, na mahali pake pakawekwa ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya pamoja na ile ya Hakimu Mkazi, na juu yao Mahakama Kuu. Ngazi ya mwisho ilikuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, nchi yetu ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Sheria ya mwaka 1963 ilifuatwa na nyingine ya mwaka 1984, lakini mpango wa ngazi ukabaki ule ule. Zanzibar iliendelea kuwa na mahakama zake, zikiwemo za makadhi, na Mahakama ya Rufani ikawa ya pande zote mbili kwa mambo mengi.

Mambo matatu yaliipa Mahakama ya Mwanzo sura ya baraza la zamani. La kwanza ni wazee wa baraza. Sheria ya mwaka 1984, kama ilivyotungwa, ilimtaka hakimu aketi na wazee wasiopungua wawili, na uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura, kura ya hakimu ikiwa moja miongoni mwao. Penye wazee haliharibiki neno, na sheria iliichukua hekima hiyo ikaiandika. La pili ni kwamba kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo; mdai na mdaiwa walisema wenyewe, tajiri na maskini sawasawa. La tatu ni lugha. Katika Mahakama ya Mwanzo shauri lilisemwa, likaandikwa na kuhukumiwa kwa Kiswahili.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo la kusikitisha. Mwananchi alieleza dai lake kwa Kiswahili, shahidi akajibu kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiswahili. Shauri lilipopanda ngazi, kumbukumbu na hukumu zikawa kwa Kiingereza. Mwenye shauri alipewa karatasi yenye uamuzi juu ya nyumba yake au mtoto wake, akalazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Hali hiyo ilidumu miaka mingi baada ya uhuru, hadi mwaka 2021 Bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa pale ambapo haki yenyewe inahitaji vinginevyo. Sisi tulio watumishi wa lugha hatuna budi kuitambua hatua hiyo kuwa sehemu ya uhuru wetu.

Majalada yaliyosafiri

Huenda msomaji akadhani kwamba Mahakama ya Mwanzo ni mahali pa mambo madogo: kuku aliyeibwa, tusi la kisimani, deni la gunia. Mambo hayo yamo, wala si madogo kwa mwenye kuku. Lakini jalada la Mahakama ya Mwanzo laweza kusafiri likabadili sheria ya nchi nzima. Nitatoa mifano miwili, ambayo yote imechapishwa katika taarifa za sheria.

Mfano wa kwanza ulianza hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1980 Mahakama ya Mwanzo iliyokuwa Kariakoo, Wilaya ya Ilala, ilivunja ndoa ya mke na mume waliooana mwaka 1971. Mke akadai sehemu ya nyumba. Mahakama ikaona hana haki, kwa kuwa alikuwa mke tu na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mke hakuridhika. Shauri likapanda ngazi hadi Mahakama ya Rufani, likajulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaja mchango wa fedha, mali au kazi, na majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika juu ya maana yake. Mwezi Novemba 1983, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wawili walijibu kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango.

Tena sikilizeni mwisho wake, kwa maana una funzo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu zaidi. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha za kuanzishia biashara naye akazipoteza, hivyo rufaa yake ikatupwa. Alishindwa yeye, wakashinda wanawake wote waliomfuata. Tangu siku hiyo mke anayesimama mbele ya hakimu wa Kawe, Magomeni au Temeke na kudai jasho lake la nyumbani anasimama juu ya jalada lililofunguliwa Kariakoo. Je, kama jalada lile lingeliwa na mchwa kabla ya kupanda, neno hilo lingalisemwa lini?

Mfano wa pili unatoka Kagera. Mwaka 1988 Bibi Holaria Pastory, Mhaya, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake, akamwuzia mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo ilikuwa imeandikwa katika tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililotokana na kazi ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni. Mahakama ya Mwanzo ikafuata mila ilivyoandikwa, ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo kwa kutazama haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaukubali uamuzi wa Wilaya: mwanamke aweza kuuza ardhi aliyoirithi sawa na mwanamume.

Hapa tunaona tena faida ya daftari kwa utamaduni. Mila isiyoandikwa hubadilika polepole bila ya mtu kujua. Mila iliyoandikwa na kuletwa mahakamani huulizwa maswali, na taifa zima husikia jibu. Anayetaka kujua wananchi wetu walibishana nini juu ya mila zao katika miaka hiyo, asiishie katika vitabu vya wataalamu. Akasome majalada.

Njia ya kulifikia jalada

Sasa niseme juu ya utendaji, maana kuuliza si ujinga, na wengi hupoteza haki kwa kuogopa kuuliza. Shauri likifunguliwa hupewa namba na mwaka, na kuingizwa katika daftari au katika mtambo wa kompyuta. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mwananchi na aiandike nyumbani kwake mahali pasipopotea, pamoja na majina ya wahusika na jina la mahakama. Ndani ya jalada huwamo dai au shtaka, hati za wito, maneno ya mashahidi, vielelezo, amri zilizotolewa na hukumu. Maneno ya mashahidi na amri kwa pamoja huitwa mwenendo wa shauri.

Mahakama huketi mahali pa wazi. Mtu yeyote mwenye adabu aweza kuingia akasikiliza, isipokuwa pale sheria inapotaka faragha, kama katika mashauri ya watoto. Mwenye shauri ana haki ya kupata nakala ya hukumu na ya mwenendo. Mtu asiyehusika, kama mtafiti au mrithi wa aliyehusika, yafaa aandike barua kwa hakimu mfawidhi, ataje namba ya shauri na sababu ya ombi lake. Ikitakiwa ada alipe na kuchukua stakabadhi ya serikali. Anayelipa bila stakabadhi, au anayeambiwa kwamba jalada litaonekana akitoa kitu kidogo, ajue kwamba mlango anaooneshwa si mlango wa haki.

Muda nao ni jambo la kuangaliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anazo siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya, na kutoka hapo siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo huhitaji kwanza hati ya Mahakama Kuu kwamba liko swali la kisheria la kuamuliwa. Ndiyo maana lile shauri la Kariakoo lilifika juu likiwa na swali moja lililo wazi.

Katika mirathi, kumbukumbu ni ngao ya yatima. Mirathi ya marehemu aliyeishi kwa sheria za Kiislamu au za mila hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa na makazi yake ya mwisho. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akiisha kuteuliwa, kanuni za mwaka 1971 zinamtaka alete mahakamani orodha ya mali, na hesabu ya jinsi alivyoigawa, ndani ya miezi minne au muda mwingine ambao mahakama itaruhusu. Orodha na hesabu hizo humo jaladani. Mjane wa Tegeta anayesikia kwamba nyumba imeuzwa na shemeji yake asilie kibarazani tu. Aende akaombe kuiona orodha, aone kama nyumba imo na fedha zake zimekwenda kwa nani.

Ugomvi wa viwanja, ambao huku kwetu ni mwingi kuliko mvua za masika, una njia yake. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliuondoa katika Mahakama za Mwanzo na kuuweka katika mabaraza ya ardhi, kuanzia kijiji na kata hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Wengi hupoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao.

Serikali na Mahakama zimejitahidi kuisogeza haki karibu na watu. Februari 2019 zilizinduliwa mahakama zinazotembea, yaani magari makubwa yenye chumba cha kuendeshea mashauri, kwa ajili ya Dar es Salaam na Mwanza, na jirani zetu wa Bunju walikuwa miongoni mwa waliofikiwa. Oktoba 2021 vikazinduliwa vituo jumuishi vya utoaji haki katika miji kadhaa, viwili vikiwa Kinondoni na Temeke, na hicho cha Temeke kikapewa mashauri ya ndoa na mirathi. Aidha hukumu za mahakama za juu huwekwa katika mtandao wa TanzLII, ambamo mtu husoma bila malipo. Lakini hukumu nyingi zilizomo humo ni za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Sauti ya Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu zaidi na mnyonge, bado kwa sehemu kubwa hufuatwa masijalani.

Hifadhi ni kazi ya taifa

Nchi yetu iliunda Nyaraka za Taifa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Humo zimo kumbukumbu za Wajerumani na za Waingereza, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuzisoma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inataka kumbukumbu za umma zitunzwe kwa utaratibu, na kwa kawaida nyaraka hufunguliwa kwa wasomaji zikifikisha umri wa miaka 30. Visiwani vilevile, kumbukumbu za mahakama na za mirathi za Pemba zimewawezesha wanahistoria kujua jinsi watu waliotoka katika utumwa, baada ya amri ya mwaka 1897, walivyotafuta heshima, ndoa na mali. Watu hao hawakuandika vitabu. Tunawajua kwa sababu walikwenda kwa kadhi na kwa hakimu, na karani akaandika.

Fikirini basi yaliyomo katika majalada ya Mahakama za Mwanzo tangu mwaka 1964. Humo mna bei ya ng'ombe wa mahari mwaka hadi mwaka, mna majina ya mitaa iliyokwisha kusahauliwa, mna matusi na misamaha, mna Kiswahili cha mkulima, cha dereva na cha mama ntilie, kama kilivyosemwa siku ile mbele ya wazee wa baraza. Mtunga kamusi na mtunga tamthilia wangefaidika humo, na mwanahistoria angekutana na raia ambaye magazeti hayakumtaja kamwe.

Lakini hazina hii ni dhaifu. Nimepata kuona, katika masijala ambayo sitaitaja, majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani na kurundikwa sakafuni, ya chini yakiwa yameshikana kwa unyevu na ya kando yametobolewa na mchwa. Karani hakuwa mvivu. Hakuwa na rafu wala chumba. Jalada linapopotea na rufaa inangojea, mahakama hujaribu kuliunda upya kwa nakala walizo nazo wahusika. Isipowezekana, huenda shauri likalazimika kuanza upya, na mashahidi wengine wamekwisha kufa. Katiba yetu, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mchwa si sababu ya msingi.

Yatupasa kufanya nini? Wenye mamlaka wazione rafu, dawa ya mchwa na chumba kikavu kuwa vyombo vya haki sawa na kiti cha hakimu. Majalada ya zamani yapigwe picha na kuhifadhiwa, na yasichomwe moto kwa sababu tu chumba kimejaa, kabla ya mtaalamu wa nyaraka kuyachagua. Uwazi nao uende pamoja na staha: majina ya watoto na siri za waliodhulumiwa miili yao zisitandazwe hadharani kwa udadisi. Na sisi raia tuache desturi ya kutoka mahakamani mikono mitupu. Tuombe nakala, tuisome, tuiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja.

Taifa hujulikana kwa ngoma zake, kwa vyakula vyake na kwa mashairi yake, lakini hujulikana pia kwa jinsi linavyomsikiliza mtu wake mdogo na kuyaweka maneno yake. Baraza la wazee lilimsikiliza, likamweka katika kumbukumbu ya kichwa. Mahakama ya Mwanzo inamsikiliza, inamweka katika karatasi. Wazee wale wamekufa na vichwa vyao. Karatasi bado ipo, nayo inaweza kuokolewa.